Jua Moja, Saa Mbili: Maumbile na Watu Mpakani Kasesya



Ramadhani moja iliyopita mwenzenu mmoja alivuka mpaka kwenda kwa shangazi yake Mbala, akiwa na ratiba ya kufuturu tuliyomwandikia hapa madrasa. Ratiba ilisema Magharibi ni karibu saa 1 usiku. Simu yake iliponasa mtandao wa Zambia ikajirudisha nyuma saa nzima, naye akaishika ratiba. Wenyeji wakafuturu, wakasali, wakaondoa vyombo, yeye bado amekaa na kiu yake akidhani wamekosea. Aliporudi akatuuliza: "Maalim, kwani jua la Zambia si hili hili letu?"

Siku ile tulimjibu kwa ufupi. Leo tunaeleza kwa urefu, kwa sababu ndani ya swali lake mna somo zima la jiografia: yapo mambo ya nchi yaliyotokana na maumbile, na yapo yaliyowekwa na watu, na asiyejua kuyatenga atakaa na kiu bure.

Tuanze na ardhi. Uwanda wa Ufipa umeinuka kati ya matawi mawili ya Bonde la Ufa. Magharibi liko Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470 hivi. Duniani ni Baikal peke yake linalolizidi. Mashariki liko Ziwa Rukwa, kina chake kifupi, halina mto wa kutokea. Sisi tuko juu, mita zaidi ya 1,500 kutoka usawa wa bahari, ndiyo maana Juni na Julai mnakuja darasani mmejifunika mablanketi. Mvua ikinyesha kwenye uwanda huu maji hugawana njia. Yanayoshika Mto Kalambo huanguka zaidi ya mita 200 kwenye maporomoko, huingia Tanganyika, hutoka kwa Mto Lukuga kwenda Kongo na hatimaye Bahari ya Atlantiki. Yanayoshuka upande wa pili huishia Rukwa, na huko huondoka kwa kukaushwa na jua tu. Maji hayo hayajui Tanzania wala Zambia. Mto Saisi, kwa mfano, huanzia upande wa Mbala, huingia kwetu ukiitwa Momba, na kumwaga maji yake Rukwa.

Mpaka wenyewe uliwekwa mbali sana na hapa. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia sahihi mkataba, ule ule ulioiweka Zanzibar chini ya ulinzi wa Waingereza. Walioandika walitumia maumbile pale walipoyajua: Mto Songwe upande wa Nyasa, kisha mgongo wa nchi unaogawa maji ya Kongo, na Mto Kalambo mpaka Tanganyika. Ila kutoka kwenye mgongo ule hadi Kalambo waliandika tu kwamba mstari uende moja kwa moja. Mwaka 1898 ndipo tume ya mataifa yale mawili ilipokuja kupima na kuweka alama. Wamambwe wakajikuta wengine huku, wengine kule, na mpaka leo wanaoana na kuzikana.

Hata hivyo maumbile hayakukaa kando. Ukienda magharibi kufuata Kalambo unakutana na korongo ambalo gari haliwezi kuvuka. Huku kwetu ardhi imetulia, barabara ya Matai inapita hadi Mbala, basi kizuizi na ofisi za forodha zikaja hapa.

Mashamba nayo ni hivyo hivyo. Udongo wa uwanda huu hauna rutuba nyingi, na wazee waliuponya kwa kufukia majani ndani ya matuta ya mviringo mwishoni mwa masika, yaoze, kisha kupanda maharage na ulezi. Wamambwe wa pande zote mbili huita kilimo hicho fundikila. Siku hizi mbolea ya dukani na mahindi vimechukua nafasi kubwa, na bei huamua ukubwa wa shamba kuliko mvua. Mwaka 2017 Serikali ilipozuia kwa muda kuuza mahindi nje ya nchi, bei Rukwa ilianguka, ingawa mvua haikuwa na kosa lolote.

Sasa saa. Dunia huzunguka digrii 1 kila dakika 4. Saa ya Tanzania imepangwa kwa mstari wa digrii 45 mashariki, ambao haugusi nchi yetu popote, uko baharini. Saa ya Zambia imepangwa kwa mstari wa digrii 30, unaopita ndani ya Zambia. Kasesya tuko kati ya 31 na 32. Kwa hiyo jua likiwa utosini saa zetu zinasema karibu saa 7 mchana, na hatua chache ng'ambo zinasema karibu saa 6. Jua ni lile lile. Kwa hesabu hiyo saa ya Zambia iko karibu zaidi na jua letu, jambo ambalo wengi hapa hawapendi kulisikia.

Lakini kosa la mwenzenu lilikuwa jepesi, alichelewa tu. Kosa zito ni la anayefuturu kwa adhana ya redio kutoka Dar es Salaam. Dar iko digrii karibu 8 mashariki mwetu, na jua huzama huko karibu nusu saa kabla ya hapa. Anayetia tende mdomoni kwa adhana ile, nje jua bado linaonekana juu ya miti.

Anayetaka kuhakikisha achomeke kijiti kilichonyooka uwanjani, aangalie kivuli kikifupika hadi mwisho wake kisha kuanza kurefuka. Hapo jua limepinduka na Adhuhuri imeingia. Mwezi Juni kivuli hicho kitalala upande wa kusini, Desemba upande wa kaskazini, na mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa Februari na katikati ya Oktoba, kitakaribia kupotea chini ya kijiti.