Ustahimilivu wa Miradi: Kwa Nini Swali la Mvua Liulizwe Kabla ya Zabuni

Kwa mkazi wa Frere Town, Kongowea, Mkomani, Ziwa la Ng'ombe au Kadzandani, njia ya moja kwa moja ya kufika kisiwani kwa gari ni Daraja la Nyali. Lilifunguliwa mwaka 1980, likachukua nafasi ya daraja la kuelea lililotumika tangu 1931. Lori likikwama katikati yake saa mbili asubuhi, mboga za soko la Kongowea huchelewa, na ambulensi inayoelekea Hospitali Kuu ya Pwani husubiri kwenye foleni kama matatu nyingine yoyote.

Hali hiyo inaeleza kile ambacho watafiti wa usimamizi wa miradi sasa wanakiita ustahimilivu: uwezo wa mradi kupata pigo, kuendelea kutoa huduma japo kidogo, kisha kurudi katika hali yake. Wazo lenyewe lilitoka kwa wanaikolojia. C. S. Holling aliliandikia mwaka 1973 akichunguza jinsi mazingira asilia yanavyohimili misukosuko. Wahandisi na wasimamizi wa miradi walilichukua baadaye.

Awali mradi ulipimwa kwa muda, gharama na ubora, basi. Tafiti zimeonyesha kwamba vipimo hivyo huwekwa kwa matumaini kupita kiasi. Bent Flyvbjerg, aliyekusanya takwimu za zaidi ya miradi 16,000 duniani, alikuta kwamba ni asilimia 0.5 tu iliyotimiza bajeti, muda na manufaa yaliyoahidiwa. Ushauri wake ni rahisi: kabla ya kukadiria, angalia miradi kama huo ilichukua muda gani kwingine. Naye Gary Klein, mwaka 2007, alipendekeza zoezi ambalo lingefaa hata kikao cha wadi: wahusika wajifanye mradi umeshaanguka, kisha kila mmoja aseme umeangushwa na nini. Mtu aliyekuwa akiogopa kupinga wakubwa hupata nafasi ya kusema.

Somo lingine lipo hapa hapa Mombasa. Daraja la kuelea la wapita njia la Liwatoni lilianza kutumika Januari 2021, wakati wa janga la korona, ili kupunguza msongamano kwenye feri ya Likoni. Lilisaidia. Lakini lilijengwa juu ya njia ya meli za Kilindini, hivyo meli ikipita lilibidi lifunguliwe, na wavukaji wakarudi kuitegemea feri. Njia mbadala inayofungwa kwa sababu ya kawaida ni nusu ya njia mbadala.

Sheria nayo ina mipaka yake. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2015 hairuhusu bei ya kandarasi kupandishwa ndani ya miezi 12 tangu kutiwa saini, na nyongeza zote kwa jumla haziwezi kuzidi asilimia 25 ya bei ya awali. Mipaka hiyo inalinda fedha za umma. Inamaanisha pia kwamba mtaro uliochorwa mwembamba hauwezi kupanuliwa kiholela baada ya mwanakandarasi kufika. Upana uamuliwe mapema, kwa kuangalia maji ya mvua kubwa zilizokwisha kunyesha, kama zile za El Niño za 1997 na za mwishoni mwa 2023.

Kalenda ndiyo adui asiyetajwa sana. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Vuli huanza Oktoba, masika Machi. Zabuni ya mtaro ikichelewa miezi 3 tu, uchimbaji huangukia mvuani, na shimo lililo wazi hugeuka bwawa mbele ya nyumba za watu.

Mpango wa maendeleo wa mwaka unapaswa kuwasilishwa katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Katika vikao vya kushirikisha umma vinavyotangulia tarehe hizo, mwananchi anaweza kuuliza maji yatapita wapi kazi ikiendelea, nani atazibua mtaro mwaka wa pili, na fedha za kuuzibua zimeandikwa ukurasa gani.