Honda ya zamani: Iuzwe kwa kilo au itunzwe?

WANUNUZI wa vyuma chakavu wakipita vijijini na mizani yao, pikipiki kuukuu iliyoegemezwa nyuma ya ghala haikosi kuulizwa bei. Kwa mkulima wa pamba wa Lingeka, mkoani Simiyu, jibu si jepesi. Huenda chombo hicho kilinunuliwa kwa fedha za msimu mmoja mzuri, enzi ambazo eneo hili lilikuwa bado mkoa wa Shinyanga, kabla Simiyu haijaanzishwa mwaka 2012. Wakati huo aliyepanda Honda au Yamaha alikuwa bwana shamba, padri au mtu aliyevuna kweli kweli, na watoto walimtambua kwa mlio kabla hajafika.

Habari za nje zinatia tamaa. Mwaka 2018, Honda CB750, moja ya chache za majaribio zilizotangulia toleo la mwaka 1969, iliuzwa mnadani Uingereza kwa zaidi ya pauni 160,000. Lakini wakusanyaji wa aina hiyo hulipia uhaba. Pikipiki za vijijini kwetu, kama Honda CG125 na Yamaha AG100, zilitengenezwa kwa wingi ili zifanye kazi. Anayeificha CG125 akisubiri Mzungu aje na pauni atasubiri sana.

Thamani yake iko kwingine. CG125, iliyotoka miaka ya 1970, iliundwa kwa ajili ya nchi ambako oili hucheleweshwa kubadilishwa: injini rahisi, na mnyororo uliofunikwa vumbi lisiingie. Injini nyingi za Kichina zinazoendesha bodaboda zimetokana na muundo huo huo. Kwa hiyo baadhi ya spea za bei nafuu huweza kuifaa Honda ya mzee, ingawa fundi apime kwanza, maana si kila kinachofanana kinaingia. AG100 ni kazi zaidi, kwani huunguza oili pamoja na petroli, na oili ikiisha pistoni hukwama.

Hesabu iwe hivi: gharama ya kuifufua ilinganishwe na bei ya pikipiki iliyotumika inayotembea vizuri. Ikizidi, isifufuliwe. Hata hivyo, isikimbizwe kwenye mzani. Kabureta, shokapu, rimu, taa na tangi lisilotoboka, vikiuzwa kimoja kimoja gerejini, huweza kuleta zaidi ya bei ya chuma.

Anayeamua kuiuza nzima aanze na kadi. Namba ya chesesi na ya injini zilingane na zilizoandikwa humo. Kama mwenye jina kwenye kadi amefariki, warithi wapate kwanza barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani, ndipo waende TRA kubadili umiliki. Bila karatasi hizo, mnunuzi makini atashusha bei au ataondoka.