Je, Wajua? Misukule kwa Pauni 45

Je, wajua kwamba filamu nzima ya misukule iliwahi kutengenezwa kwa pauni 45 tu? Ni Colin, ya Mwingereza Marc Price, iliyotoka 2008 na kuoneshwa Cannes mwaka uliofuata. Fedha ziliishia kwenye kanda, mtaimbo, chai na kahawa; misukule walikuwa watu wa kujitolea.

Majirani zetu Waganda nao wamo katika filamu za gharama ndogo. Huko Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana alitoa Who Killed Captain Alex? mwaka 2010, filamu ya mapigano ambayo gharama yake hutajwa kuwa kama dola 200. Damu ya bandia ilifungwa ndani ya kondomu ili ipasuke vizuri, na kompyuta ya kuhariria aliiunda mwenyewe. Kisha, inauma hata kuandika, akaifuta humo filamu hiyo ili apate nafasi ya kazi nyingine! Nakala za DVD ndizo zilizoiokoa.

Nasi twaweza kutengeneza filamu ya misukule kwa gharama ndogo: Morogoro mandhari ni ya bure. Ukungu wa Uluguru ukitanda Morningside, kwenye nyumba ya enzi za Wajerumani, hakuna mashine ya moshi inayoufikia. Wala mtazamaji wetu hahitaji kuelezwa msukule ni nini: tangu utotoni amesikia habari za marehemu anayelimishwa usiku shamba la mchawi.