Bomba Moja, Barabara Nyingi

Machi 2025 serikali ya Sudan ilipiga marufuku bidhaa zote za Kenya, kwa hasira kwamba Nairobi iliwapa ukumbi wapiganaji wa RSF, mahasimu wa serikali hiyo katika vita vya Sudan. Makontena ya chai yakakwama Mombasa. Kwa mkulima wa Kangari, anayepeleka majani kituoni na kungoja bonasi ya Oktoba, vita vya Khartoum viligeuka kuwa hesabu ya nyumbani. Lakini Kenya ina bahari. Chai iliyokataliwa Port Sudan inaweza kupelekwa Karachi au Cairo, japo kwa bei ya kunung'unikia. Vita hivyohivyo vilikuwa vimeshaiumiza Sudan Kusini zaidi, na huko hapakuwa na mlango wa pili wa kubisha.

Sudan Kusini na jirani yake Uganda zinafanana kiasi cha kufaa kulinganishwa. Zote mbili hazina pwani na zote zina mafuta ardhini. Zote zinatawaliwa na watu waliotoka msituni: Yoweri Museveni aliingia Kampala na jeshi lake la NRA Januari 1986 na hajaondoka, nao wapiganaji wa SPLM wa Sudan Kusini walipigana na Khartoum zaidi ya miaka ishirini kabla ya uhuru wa Julai 2011. Zote zimekabiliana na waasi. Hata hivyo Uganda hulipa mishahara ya watumishi wake, mara nyingi kwa wakati, ilhali Juba imewahi kukaa karibu mwaka mzima bila kuwalipa walimu wala askari. Ukabila na tabia za viongozi vina sehemu yao katika tofauti hiyo. Kinachosahaulika ni njia ambayo fedha za serikali hupitia kabla ya kufika hazina.

Za Juba hupitia kwenye bomba. Zaidi ya asilimia 90 ya mapato ya serikali hutokana na mafuta ghafi yanayosukumwa kuvuka Sudan hadi pwani ya Bahari ya Shamu. Januari 2012, miezi sita tu baada ya uhuru, pande mbili ziligombania ada ya kupitisha mafuta. Khartoum ilitaka dola 36 kwa pipa, Juba ikatoa chini ya dola moja. Waliposhindwa kuelewana, Juba yenyewe ikafunga visima vyake, mapipa kama 350,000 kwa siku, ili kumwadhibu jirani. Mafuta yalirudi kutiririka Aprili 2013. Desemba mwaka huohuo vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza, na nchi ikaingia vitani ikiwa tayari imetumia akiba yake kwenye ugomvi wa ada.

Mafuta yenyewe nayo yana ukaidi. Yale ya Upper Nile, ambayo ndiyo mengi, yana nta nyingi, na yasipopashwa moto huganda kama mafuta ya Kimbo asubuhi ya Julai. Ndiyo maana njiani kuna vituo vya kuyapasha na kuyasukuma, navyo huendeshwa kwa dizeli. Februari 2024 baadhi ya vituo hivyo vilikuwa katikati ya mapigano ya Sudan, dizeli haikufika, mafuta yakaganda na bomba likapasuka. Ilichukua karibu mwaka mzima kabla ya mafuta hayo kuruhusiwa kupita tena. Kwa kipindi chote hicho dola la Sudan Kusini lilikuwa na bendera, baraza la mawaziri na kiti katika Umoja wa Mataifa; lililokosa ni sehemu kubwa ya mapato.

Uganda haina bomba la kulitegemea, na hilo, kwa muda, limekuwa bahati yake. Bidhaa zake hupita Malaba na Busia, mafuta ya petroli huchukuliwa Eldoret na Kisumu au kuvushwa ziwani, na mizigo mingine huzunguka kwa njia ya Dar es Salaam. Njia hizi nazo hukatika. Mapema 2008, vurugu za uchaguzi wetu wa Kenya zilipong'oa reli kule Kibera na kufunga barabara ya Bonde la Ufa, vituo vya petroli Kampala vilikauka na bei zikapaa. Lakini barabara iliyofungwa kwa mawe hufunguliwa kwa kuyaondoa mawe. Muhimu zaidi, hazina ya Kampala hukusanya vijisenti kutoka kwa watu wengi: mwenye duka, mnunuzi wa petroli, anayetuma pesa kwa simu. Mwaka 2018 ilifika hata kuwatoza wananchi shilingi 200 kwa siku kwa kuingia Facebook na WhatsApp. Ilikuwa kodi ya ajabu, lakini serikali inayotoza umbea walau inahitaji wambea wawe hai.

Tofauti hiyo ilionekana hata katika namna ya kupigana na waasi. Wazee wa Murang'a wanakumbuka vijiji vya Hali ya Hatari, vilivyozungushiwa handaki kuanzia 1954 ili chakula kisiwafikie Mau Mau msituni Nyandarua. Uganda ilirudia mbinu hiyo Acholi dhidi ya LRA ya Joseph Kony tangu 1996, na kufikia 2005 watu kama milioni 1.8 walikuwa kambini kaskazini. Kambi zile ziliua wengi kwa maradhi na njaa, na hakuna sababu ya kuzipamba. Zilionyesha tu kwamba lilikuwepo dola lenye uwezo wa kuhamisha watu na kuwabana. Sudan Kusini mwendo ulikuwa kinyume: Desemba 2013 raia wa Juba, Bentiu na Malakal walikimbilia ndani ya kambi za walinda amani wa Umoja wa Mataifa, wengi wakimkimbia askari wa serikali yao.

Hata amani hununuliwa tofauti. Uganda huongeza wilaya. Zilikuwa thelathini na kitu mwaka 1986 na sasa zimepita 130, kila moja na ofisi zake na gari la mkubwa. Juba hugawa vyeo vya juu moja kwa moja. Mkataba wa amani wa 2018 uliweka makamu wa rais watano na wabunge 550, viti saba zaidi ya bunge la chini la India. Kwa jenerali mdogo somo halihitaji kufafanuliwa: anayeasi huitwa mezani, na meza huongezwa viti. Wenye viti wote wanategemea bomba lilelile.

Nchi hizi mbili pia huingiliana. Mwaka 2006 Uganda na LRA walipokutana kujadili amani, mahali palikuwa Juba na msuluhishi mkuu alikuwa Riek Machar, mwanasiasa wa Sudan Kusini. Kony hakutia saini, na mabaki ya jeshi lake yakaishia Kongo na Afrika ya Kati. Machi 2025 Machar alifungiwa nyumbani kwake mjini humohumo, huku makomandoo wa Uganda wakiwa wametua kumlinda Rais Salva Kiir. Kampala haifanyi hivyo kwa mapenzi tu. Juba ni soko, na malori yanayopita Elegu na Nimule yamebeba unga, saruji na bia yake.

Sasa Uganda nayo inajenga bomba: kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Tanga, la kupashwa moto njia nzima, kwa kuwa mafuta yaliyogunduliwa huko 2006 yana nta pia. Tanga ilichaguliwa mwaka 2016 badala ya Lamu, kwa sababu ya gharama na ukaribu wa Lamu na al-Shabaab. Ada, dola 12.77 kwa pipa, iliandikwa mkatabani kabla ya mabomba kufukiwa. Juba ilianza kujadili ya kwake mafuta yakiwa tayari safarini. Kisichoandikwa popote ni kama Mamlaka ya Mapato ya Uganda itaendelea kuwafuata wauza chakula wa Kampala kwa bidii ileile dola za mafuta zikishaanza kuingia. Wauza chakula wenyewe hawatalia sana isipofanya hivyo.