Je, Wajua? Saa ya Tunduma si ya Nakonde
Je, wajua kuwa saa sahihi ni makubaliano kabla ya kuwa chombo? Mwaka 1891 treni mbili ziligongana Kipton, Marekani, ajali iliyohusishwa na saa ya mfukoni iliyosimama dakika 4. Ndipo sonara Webb C. Ball alipokabidhiwa ukaguzi wa saa za reli. Kampuni yenye jina lake ingali inauza saa. Utasema simu imemaliza yote hayo. La hasha: saa 2 asubuhi Tunduma, Tanzania, ni saa 1 Nakonde, ng'ambo ya mpaka, na simu ikinasa mtandao wa Zambia huweza kurudi nyuma saa nzima. Reli ya Tanzania na Zambia, TAZARA, huvuka mpaka hapohapo. Msafiri, ukitajiwa muda wa kuondoka, uliza: ni saa ya nchi gani?