Kwa nini picha hukataliwa mtandaoni

MWOMBAJI anaweza kujaza fomu ndefu mtandaoni hadi ukurasa wa mwisho, kisha akwamishwe na picha yake mwenyewe. Aghalabu kosa haliko kwenye sura bali kwenye vipimo vya faili. Naye, makataa yakikaribia, hukimbilia kituo cha intaneti kulipia kazi ambayo angeimaliza mwenyewe kwa dakika chache.

Fomu ya DS-160, inayotumiwa kuomba viza ya Marekani, ni mfano mzuri. Picha yake sharti iwe mraba, kila upande uwe na pikseli kati ya 600 na 1,200, iwe ya muundo wa JPEG, na faili isizidi kilobaiti 240.

Pikseli na kilobaiti ni vitu viwili tofauti, ingawa wengi huvichanganya. Pikseli ni vinukta vya rangi vinavyounda picha. Kilobaiti hupima nafasi ambayo faili huchukua katika tarakilishi. Picha ya simu yenye pikseli 4,000 kwa 3,000 ina vinukta milioni 12. Ikipunguzwa hadi 1,000 kwa 750, hubaki na vinukta 750,000 pekee, yaani sehemu moja kwa 16, wala si robo kama wengi wanavyodhani. Faili nayo huwa nyepesi zaidi.

Programu ya Paint, ambayo huja na Windows, yatosha kwa kazi hii. Kwanza picha ikatwe, ndipo ipunguzwe. Anayelazimisha picha ya mstatili iwe mraba atapata uso uliobanwa, mithili ya ule uonekanao mgongoni mwa kijiko. Mtumiaji azungushie kichwa na mabega, akitazama vipimo vilivyo chini ya dirisha hadi nambari mbili zilingane, kisha abofye 'Crop'. Baadaye abonyeze Ctrl na W kwa pamoja, achague pikseli badala ya asilimia, na kuandika 600.

Picha hiyo ihifadhiwe kwa jina jipya, ile asilia isiguswe. Vinukta vilivyotupwa havirudi, na kuikuza tena picha ndogo huleta ukungu tu.

Kuhusu muundo, wapo wanaofuta herufi 'png' mwishoni mwa jina la faili na kuandika 'jpg'. Huko ni kubandika karatasi mpya kwenye chupa ile ile. Faili sharti ifunguliwe, kisha ihifadhiwe upya kwa 'Save as'. JPEG hupoteza maelezo kiasi kila inapohifadhiwa upya, ilhali PNG haipotezi; ndiyo maana maandishi madogo ya cheti husomeka vyema zaidi katika PNG.

Wenye iPhone wana kikwazo kingine. Tangu 2017 nyingi za simu hizo hupiga picha za muundo wa HEIC, ambao tovuti kadhaa haziupokei. Katika mipangilio ya kamera, chaguo la 'Most Compatible' huzirejesha kwenye JPEG, lakini zile zilizokwisha kupigwa bado zitahitaji kubadilishwa.