Jina Jema la Mshona Kofia



Ramadhani inapoingia kumi la mwisho, simu zetu hujaa picha za kofia: za Lamu, za mkono, zipo tele, lipa sasa. Aijuaye kazi hii hujiuliza, zimeshonwa lini zote hizo? Kofia ya vito huanza na nakshi iliyochorwa juu ya kitambaa cheupe cha pamba, kisha kila kitundu hutobolewa na kuzungushiwa uzi kwa sindano, kimoja baada ya kimoja, hadi nakshi ijae. Mama wa Lamu au Siyu aishonaye baina ya jiko na malezi huhitaji wiki nyingi, na nakshi ngumu huvuka miezi. (Nao wanaume wengi hukumbuka kofia usiku wa kuandama mwezi!)

Sisemi kuwa matangazo ya simu ni mabaya. Zamani mama alimwachia mchuuzi kofia yake kwa bei aitakayo mchuuzi. Leo aweza kumuuzia mteja wa Nairobi au Maskat naye yu ndani kwake, na fedha zikaingia mkononi mwake mwenyewe. Hiyo ni kheri kubwa. Lakini tangazo hukimbia, na sindano haikimbii. Akiagizwa kofia kumi na uwezo wake ni mbili, ataulegeza mshono, au atachanganya na za mashine na kuziita za mkono.

La pili hilo ni ghushi, na hukumu yake haina utata. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni akatia mkono ndani ya chungu ya nafaka, vidole vikakuta unyevu. Muuzaji alijitetea kwa mvua. Akaulizwa kwa nini asiiweke juu ile iliyolowa, watu wakaiona. Kofia nayo ina ndani yake. Mvaaji wa Unguja, wa Ngazija au wa Omani huigeuza kabla ya kuuliza bei, akautazama upande wa nyuma wa mshono. Picha nzuri humleta mteja mara ya kwanza. Kurudi kwake, na kuja na nduguze, kumo katika upande ule wa nyuma.

Basi mama huyu atangaze nini? Sheria yetu imekwisha mtengenezea njia. Mtume alipofika Madina aliwakuta watu wakilipia matunda kabla hayajavunwa, kwa mwaka na zaidi. Hakuwakataza, aliwataka wajue kipimo, uzani na muda. Ndiyo biashara ya salam. Wanazuoni wa Kishafii, madhehebu ya wengi wetu mwambao huu, hushurutisha thamani yote ilipwe katika kikao cha mkataba. Wahanafi wana mlango wa istisnaa kwa kitu cha kutengenezwa, na humo malipo yaweza kugawanywa. Mwenye kutaka kupokea arubuni tu na amuulize mwanachuoni wake kwanza.

Tangazo lake basi laweza kuwa fupi: picha ya kofia nje na ndani, jina la nakshi, kipimo cha kichwa, bei, na tarehe ya kukabidhi. Na ikiwa nafasi za Idd hii zimejaa, aandike kuwa zimejaa, na kwamba sasa anapokea maagizo ya Idd ya Mfunguo Tatu.